Kitabu cha Zamu

Kitabu cha zamu kina safu nne:
saa, tukio, aliyetoa taarifa, hatua.
Jumanne ile mkono wangu uliandika ukitetemeka:
*Saa 3.40 usiku. Kitu kinachowaka kimeonekana
chini ya kitanda, bweni la Rungwe. Matroni. Wanafunzi wametolewa nje.*

Sikuandika mvua.
Mvua ya Tukuyu haiandikwi, ingetumaliza wino.
Wasichana mia moja na kumi na wawili
wamejikunyata chini ya mparachichi, mashuka vichwani,
mmoja kashika kiatu kimoja, mwingine Biblia,
na Matroni Tumpe anahesabu, anakosea, anaanza tena,
kwa sababu zamani, katika shule aliyotoka,
alihesabu mara moja tu, akaamini.

Polisi walikuja wawili na tochi moja.
Mkuu wa shule akasema, "Msikisogelee."
Ulikuwa mkebe wa maziwa ya unga,
misumari miwili imening'inia kwenye nyaya,
betri ya simu imevimba kama kitumbua,
na kitaa chekundu, jicho la panya,
kinafumba, kinafumbua.

"Ni cha nani?"
Subilaga Mwakalobo alinyoosha kidole
kama yuko darasani na jibu analijua.

"Ni cha maji, mwalimu.
Maji hutoka saa tisa usiku, au kumi, au hayatoki.
Tunapokezana kukesha na ndoo.
Misumari ikiguswa na maji, kinalia.
Tunaamka. Ndiyo hivyo tu."

Ndiyo hivyo tu.
Mimi ndiye niliyemfundisha saketi,
kwa chaki, ubaoni, maana maabara yetu
ni kabati, na kabati lina kufuli,
na nyuma ya kufuli kuna chura mmoja kwenye chupa
aliyeikuta shule ikifunguliwa.
Nilichora betri: mstari mrefu, mstari mfupi.
Nilichora taa: duara lenye msalaba.
Nikasema, "Chukulieni kwamba inawaka."
Yeye hakuchukulia.

Lakini nisimpambe. Nilipanda juu ya kitanda
nikaona alikochajia: waya umetoboa dari
ukaenda kunyonya kwenye nyaya za taa,
kiungo kimefungwa kwa plasta ya kidonda,
na chini yake, shubiri mbili hazifiki, godoro.
Plasta ilikuwa imeanza kuwa kahawia.
Niliinusa.
Kwenye kikao, walioniambia "huyu ni hatari"
niliwatafutia jibu, nikaikumbuka ile harufu,
nikanywa chai.

Wiki mbili nyumbani.
Baba yake alikuja na pikipiki kutoka Kandete,
akatia saini bila kusoma, kisha kando akaniuliza:
"Kwani kililia?"
Nikasema sijui.
Mkebe uliwekwa juu ya kabati la mkuu wa shule,
umebandikwa karatasi: KIELELEZO.
Hakuna aliyethubutu kuchomoa betri.

Zamu yangu iliyofuata, usiku wa manane umepita,
mvua inapiga mabati kama inadai deni,
nikasikia mlio mwembamba, king'ang'anizi,
wa kifaranga kilichofungiwa nje.
Niliufuata hadi mlango wa ofisi. Ufunguo sina.
Maji yalikuwa yakitoka chini ya mlango
taratibu, bila haraka, yananilowesha soksi,
na huko ndani, gizani, juu ya kabati,
misumari miwili ikisema ilichofundishwa.

Nikafungua kitabu.
*Saa: 8.50 usiku.
Tukio: paa la ofisi ya mkuu linavuja.
Aliyetoa taarifa:*
hapa nilikaa kidogo, kalamu mdomoni,
*S. Mwakalobo, Kidato cha Tatu B.
Hatua:* natafuta ndoo.